Kuteremka na Fri si Ujanja

Wasee, leo naongea na wenye nduthi. Wa boda, wa kupeleka mizigo, na nyinyi wa kushukia Mai Mahiu kila Jumapili kujirekodi huku helmeti imening'inia kwa mkono. Wote.

Hii tabia ya kushuka mteremko na gia iko fri tuache kuiita ujanja. Wengi wetu hatujui kurudisha gia, halafu tunasingizia bei ya petroli.

Najua kwa sababu nilikuwa hapo. Nilipoacha chuo nikashika nduthi, na somo la kwanza nililopewa steji lilikuwa: ukiona mteremko, weka fri, okoa mafuta. Siku moja nikashuka escarpment ya Mai Mahiu hivyo hivyo, nimembeba dadangu mdogo. Kabla tufike kale kakanisa kalikojengwa na wafungwa Waitaliano, lori mbele likawasha hazadi. Nikakanyaga breki ya mguu, nduthi ikaendelea. Nikashika ya mkono, ikapunguza kidogo tu. Nikatoka kando kwa changarawe, tukasimama hatua chache kutoka ukingoni.

Dadangu hakulia. Aliuliza tu, "Kwani hii haina breki?"

Ilikuwa nazo. Nilikuwa nimezichoma tangu juu ya mlima.

Elewa kinachofanyika. Nduthi nyingi za boda zina breki za dramu. Kila ukikanyaga, msuguano unageuza mwendo kuwa joto. Ukiwa fri, hizo breki ndizo pekee zinabeba wewe, abiria na ule mzigo, kilomita baada ya kilomita. Zikipata moto sana zinaacha kushika. Lakini ukiwa gia ya chini na umeachilia mafuta, injini yenyewe inakuvuta nyuma, na breki zinapumzika. Muulize dereva yeyote wa lori anayejiheshimu. Salgaa ilipata jina baya miaka mingi, na moja ya sababu zilizotajwa kila mara ni malori kushuka fri ili kuokoa mafuta. Yale yale.

"Lakini naokoa mafuta." Unaokoa nini? Injini ikiwa fri bado inanguruma, bado inakunywa. Nduthi nyingi za injekta zinakata petroli ukiachilia mafuta ukiwa kwa gia, kwa hivyo fri ndiyo inakula zaidi. Za kabureta, labda utabakisha matone. Nani atakufa kwa sababu ya matone? Na nyinyi mnaozima injini kabisa, mkihitaji kukwepa kitu haraka mtasukuma na miguu?

"Kurudisha gia kunaharibu injini." Ukirudisha vibaya, ndiyo. Wengi wanashuka gia tatu mara moja kisha wanaachilia klachi paa! Gia ya chini inataka injini izunguke haraka zaidi kwa mwendo ule ule. Mfano wa hesabu tu: kama gia ya nne ilikuwa mizunguko 5,000 kwa dakika, ya tatu inaweza kutaka 6,500. Usipoipandisha wewe, tairi la nyuma ndilo litalazimika kuipandisha. Kwa lami kavu utarushwa mbele. Kwa mvua au murram, tairi linateleza na abiria wako analala chini.

Dawa ni rahisi. Punguza mwendo kwanza na breki zote mbili. Shika klachi, shuka gia moja, gusa mafuta kidogo tu injini ipande, halafu achia klachi polepole. Subiri itulie, ndio ushuke nyingine. Ukifanya sawa, abiria hatajua umebadilisha gia. Kofia yake haigongi yako. Na mteremko mrefu, chagua gia ukiwa bado juu. Usingoje mwendo ukushinde ndio uanze kutafuta gia.

Kuna faida hata Thika Road. Mat ikikufungia ghafla na uko gia inayofaa, una nguvu ya kutoka hapo. Ukiwa fri, uko pale tu kama mzigo.

Mimi nilijifunza kwa uwanja mtupu wa shule, jioni mbili. Ya nne hadi ya tatu, ya tatu hadi ya pili, mpaka mkono ukazoea. Jioni mbili! Tunatumia muda mrefu zaidi kuchagua stika za tangi.

Kwa hivyo ukinitumia video yako unashuka Mai Mahiu na fri, mikono hewani, usitarajie laiki. Nitakuuliza swali moja tu, lile la dadangu.