Kinachoombwa na Kinachokimbiwa

Katika vijiji vya barabara ya Pangani, Tongoni ikiwemo, maneno juu ya kizazi cha mwanamke hayana uhaba. Husemwa barazani, husemwa kwenye ngoma ya mwali, husemwa kwenye benchi la kliniki wakati wa kusubiri kadi. Mengine yana busara. Mengine yanawaponza wanawake, na cha kushangaza ni kwamba kipimo kisicho na maana ndicho watu wanachomwomba daktari, na kile kinachookoa roho ndicho kinachokimbiwa.

Nianze na kinachoombwa. "Mpelekeni hospitali, daktari atasema kama bado bikira." Hatasema, kwa kuwa hawezi. Kizinda si kifuniko kilichoziba uke kikingoja kutobolewa. Ni mkunjo mwembamba wa ngozi laini kuzunguka mlango wa uke, nao una uwazi wake tangu msichana anapozaliwa. Kama usingekuwapo, hedhi ingepitia wapi? Kwa mmoja mkunjo huo umekaa kama pete, kwa mwingine kama mwezi mchanga, kwa mwingine una pindo zilizochongoka. Unavutika. Wapo wasiotoka hata tone la damu mara ya kwanza, na wapo waliojifungua ambao mabaki yake bado yanaonekana. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba upimaji wa bikira hauna msingi wa kitabibu na unapaswa kukomeshwa.

Hapo mzazi huuliza: na binti akibakwa, ushahidi utatoka wapi? Daktari anayejaza PF3, fomu ya polisi, hahitaji habari za ubikira. Anaandika michubuko, uvimbe, damu, majimaji, na anachukua sampuli. Na sheria yenyewe haidai kizinda kilichochanika: kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, kuingilia hata kidogo tu kunatosha kuthibitisha kosa. Majibu ya "kizinda kipo" hayamsafishi mbakaji.

Lipo jambo moja ambapo kumtazama msichana hapo kunamfaa sana. Wachache huzaliwa uwazi huo ukiwa umeziba kabisa. Binti anavunja ungo lakini haoni damu. Kila mwezi tumbo linamkata, kisha linaanza kujaa, na mtaa unaanza kuhesabu miezi ya mimba. Uchunguzi wa dakika chache unamaliza fitina, na upasuaji mdogo unamaliza tatizo.

Kinachokimbiwa ni uchunguzi wa ndani, na maneno yanayoukimbiza ni haya. "Chango limepanda." Hili nalipa nafasi zaidi, maana pwani nzima ya Tanga chango la uzazi ndilo jina la kila kitu: maumivu ya hedhi, kutoshika mimba, mgongo, hata tendo la ndoa linapouma. Sina ugomvi na maumivu hayo; ni ya kweli. Ugomvi wangu ni na kitu kinachosemwa kutembea tumboni. Hata Wagiriki wa kale waliandika kwamba mji wa mimba huzurura mwilini, kwa hiyo si sisi peke yetu. Kwa mwanamke asiye na mimba, mji wa mimba una urefu wa sentimita 7 au 8 hivi, umekaa kati ya kibofu cha mkojo na utumbo mpana, na umeshikwa na kano. Unaweza kuinama, hauwezi kuhama. Kwa takriban mwanamke mmoja kati ya watano umeinamia nyuma, naye hubeba mimba kama wenzake. Hauhitaji kukandwa tumbo ili "urudi".

Sasa nani atajua kilicho nyuma ya chango? Mkono. Mtabibu huingiza vidole viwili vyenye glavu na mafuta, na kwa mkono wa pili anabonyeza juu ya kinena, ili mji wa mimba uwe katikati ya mikono miwili. Ukiwa mkubwa wenye vinundu, anafikiria uvimbe wa fibroidi. Akiusogeza mlango wa kizazi na mwanamke akaruka kwa maumivu, anafikiria maambukizi kwenye mirija, ambayo yakichelewa kutibiwa huiziba. Miezi inayopotea kwa kunywa mizizi badala ya tiba ndiyo inayozibia watu njia ya watoto.

"Kile chuma kinaharibu kizazi." Spekulamu, ya chuma au ya plastiki, imeumbwa kama mdomo wa bata, na kazi yake ni kutenganisha kuta za uke basi. Uke una kina cha sentimita 7 hadi 10, na mwisho wake ni mlango wa kizazi. Haivuki hapo. Mama analala chali, magoti juu, khanga imemfunika. Ana haki ya kuomba muuguzi wa kike, na ya kusema acha. Muuguzi anaupaka mlango wa kizazi siki iliyopunguzwa makali, anasubiri dakika moja, anatazama kama panageuka peupe. Peupe ni dalili ya mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kuwa saratani, na mara nyingi hutibiwa palepale kwa kugandisha au kwa joto. Makadirio ya 2020 yaliihesabia Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Wengi hufika damu ikishatoka na harufu ikishaanza. Huduma inalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50 wasioumwa popote, kwa hiyo lile la "mimi mzima, nikapimwe nini?" limekaa kinyume.

Na kitanzi cha kuzuia mimba kupanda hadi moyoni? Hakuna njia. Kutoboa mji wa mimba kunatokea, kwa kiasi cha mara moja katika 1,000, nacho hubaki tumboni.

La mwisho linavunja ndoa. "Ukitoka damu baada ya tendo, au ukawashwa na uchafu usioisha, mume kakuletea zinaa." Pengine. Lakini mkoa wa Tanga una kichocho cha mkojo, na mayai ya minyoo yake hayaishii kwenye kibofu. Hukwama pia kwenye uke na mlango wa kizazi, yakaacha vidonda na madoa ya njano kama chembe za mchanga. Antibayotiki haigusi hayo. Kichocho huambukizwa majini, lakini bahari ya Tongoni haina kosa hapa; konokono wa kichocho wanaishi kwenye maji baridi: bwawa la kufulia, jaruba la mpunga, kijito. Dawa ni prazikwanteli, ingawa madoa ya zamani huenda yasifutike. Muuguzi akiuliza habari za mume, mwambie na habari za bwawa.