Mtoki usiovimba

Dumila mtoto akijikata mguu na jembe, bibi yake humpapasa kinenani na kusema, "Ana mtoki." Bibi hakusoma anatomia, lakini yuko sahihi: kidonda kiko mguuni, tezi ya jirani ndiyo inayopokea uchafu wake.

Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi hupita njia hiyohiyo, ila tezi zake zimejificha ndani ya nyonga na kando ya mshipa mkubwa wa damu. Nyingi hazivimbi. Daktari anaweza kuzipapasa, asihisi kitu, akafunga tumbo, kumbe ugonjwa umeshapita.

Nagombana na wasomi wenzangu wanaosema kuzichunguza tezi hizo wakati wa upasuaji ni anasa ya Ulaya, eti sisi tumalizane kwanza na saratani ya shingo ya kizazi. Kweli, hiyo ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi hapa. Lakini mgonjwa haugui takwimu. Mama mdogo wangu, muuza nyanya pale njia panda ya Kilosa, alitolewa kizazi katika hospitali nisiyoitaja. Tezi hazikuguswa. Tulipouliza ugonjwa umefika wapi, jibu lilikuwa "hatujui", na kwa kuwa hawajui, wakamwandikia mionzi ya tahadhari: wiki tano Dar es Salaam. Nauli, chumba, chakula, na meza yake ya nyanya bila mwenyewe. Kutojua kuna bei, na aliyeilipa ni yeye.

Wapo wa upande wa pili: basi zitolewe tezi zote! Hao nao wangesoma kidogo. Utafiti wa ASTEC, uliochapishwa mwaka 2009 ukiwa na wanawake 1,408, haukuona kwamba kuzitoa kwa mkupuo kunarefusha maisha. Kinachoweza kubaki ni mguu uliovimba daima, na mwambie mkulima wa bonde la Mkundi alime nao.

Kati ya hao kuna njia ya tezi mlinzi. Rangi hudungwa kwenye shingo ya kizazi, inafuata mirija ya limfu, na tezi ya kwanza kuipokea ndiyo inayotolewa na kupimwa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, pale tezi hizo zilipopatikana, zilifichua ugonjwa kwa wanawake 97 kati ya kila 100 ambao tezi zao zilikuwa zimeshaathirika. Walitumia rangi ya kijani inayohitaji kamera maalumu. Rangi ya buluu hukosa zaidi, sitaki kudanganya, lakini huonekana kwa macho matupu na haihitaji mtambo.

Kinachokosekana zaidi ni mtu wa kuisoma tezi ikishatoka. Tunapenda kukata utepe mbele ya mashine. Sijaona utepe ukikatwa kwa ajili ya daktari wa patholojia, hadubini yake na fomalini ya kutosha. Kizazi cha mama mdogo tulikabidhiwa sisi ndugu, ndani ya chupa, tukitafutie maabara wenyewe.

Kwa hiyo, mbunge akija tena kutuahidi mashine, tumuulize mambo matatu: nani ataibeba hiyo chupa, nani ataisoma, na majibu yatatoka baada ya siku ngapi.