Tintin Hajakua, na Hilo Si Sifa

Ndugu mwandishi ninayemjibu anadai shujaa wa katuni asiyezeeka ni zawadi kwa watoto wa mji wetu, Bukavu: kifo kimewazunguka, basi wampate mmoja asiyekufa. Nakataa. Superman yuko kazini tangu 1938, na maadui zake hurudi kila mara, maana hadithi ikiisha na biashara imekwisha. Mtoto wa Kadutu, hapa hapa mjini, anavijua vita visivyoisha. Hahitaji vipakwe rangi.

Mtazame Tintin, kijana wa katuni za Hergé. Alitumwa Kongo mwaka 1930, mji wetu ukiitwa Costermansville. Darasani aliwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kitabu cha safari hiyo, somo likawa mbili jumlisha mbili. Mchoraji alisogea kidogo. Kijana wake alibaki na shungi lile lile, hakumbuki alichotufanyia, na midomo yetu minene ikaachwa vile vile. Mzigo wa kutokua ni huo: hawezi hata kuomba radhi.

Badala yake, wapeni watoto katuni ya Madame Livingstone ya mwaka 2014, iliyochorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Rubani Mbelgiji anatumwa Ziwa Tanganyika kuizamisha Graf von Götzen, meli iliyokuja kuitwa Liemba. Anaongozwa na chotara, na njiani mtazamo wa rubani huyo unabadilika.