Kujiandaa kwa Safari ya Hatari: Funzo la Mchezo wa Minecraft kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Watu wazima wengi wamwonapo mtoto akicheza mchezo wa kompyuta husema kwamba anapoteza wakati wake. Sisi tulio katika kazi ya ualimu haitufai kutoa hukumu hiyo kabla ya kuuchunguza mchezo wenyewe. Tunawafundisha wanachuo kila mwaka kwamba somo huanzia katika yale ayajuayo mtoto. Basi mwalimu asiyetaka kujua mtoto anajua nini, ataanzia wapi? Katika makala hii tutaeleza sehemu moja tu ya mchezo mmoja mashuhuri. Rai yetu ni kwamba sehemu hiyo humfundisha mtoto kujiandaa kuliko yafanyavyo masomo yetu mengi, na kwamba siri ya mafundisho yake yaweza kuletwa darasani pasipo kompyuta hata moja.

Mchezo huo ni Minecraft, uliobuniwa na Markus Persson wa Sweden, na toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011. Dunia yake imejengwa kwa matofali ya mchemraba, kila tofali likihesabiwa kuwa na urefu wa mita moja. Mchezaji hukata miti, huchimba madini, hulima, hujenga nyumba, na usiku hujikinga na maadui. Mnamo Oktoba 2010, mchezo ulipokuwa ungali unatengenezwa, iliongezwa ndani yake dunia ya pili iitwayo Nether. Hiyo ni nchi ya kuzimu: haina jua wala anga, haina mchana wala usiku, na ina bahari za lava. Mwaka 2020 nchi hiyo ilipanuliwa, ikapata misitu ya ajabu na viumbe wapya.

Hakuna aingiaye humo kwa bahati. Mchezaji hana budi kujenga lango la jiwe jeusi liitwalo obsidiani, lenye upana wa matofali manne na kimo cha matofali matano. Jiwe hilo hupatikana pale maji yanapokutana na lava, wala halichimbwi ila kwa sururu ya almasi au iliyo bora kuliko hiyo. Akiacha pembe wazi, matofali kumi yatamtosha. Akizijaza, atahitaji kumi na manne. Kisha huliwasha moto lango hilo, akapita.

KANUNI ZA NCHI YA CHINI

Akishapita, hukuta kwamba mengi aliyoyazoea hayafai tena. Maji aliyoyabeba katika ndoo hugeuka mvuke mara ayamwagapo. Dira huzungukazunguka bila kuonyesha upande wowote, na saa kadhalika. Akijaribu kulala kitandani, kitanda hulipuka. Lava hutiririka upesi na kufika mbali zaidi kuliko katika dunia ya juu. Liko pia dubwana jeupe lirukalo, liitwalo Ghast, ambalo hutupa mipira ya moto. Lakini mchezaji mwepesi aweza kuupiga mpira huo ukamrudia mwenyewe. Wako viumbe wenye sura ya nguruwe, waitwao Piglin, wasiomshambulia aliyevaa walau vazi moja la dhahabu, kofia au viatu. Ila wakimwona akichimba dhahabu yao au akifungua sanduku lao, hukasirika.

Tazameni, wanachuo, hali ya kanuni hizi. Ni kali, lakini hazibadiliki, wala hazimpendelei mtu. Kitanda kilicholipuka leo kitalipuka na kesho, kwa mtoto hodari na kwa mtoto mzito pia. Kwa sababu hiyo mtoto aweza kuzitegemea, akapanga mambo yake juu yake. Je, kanuni za madarasa yetu ziko hivyo? Mara ngapi jibu lililokubaliwa Jumatatu hukataliwa Alhamisi kwa sababu mwalimu amechoka? Mtoto asiyeweza kubashiri matokeo ya tendo lake huacha kufikiri, akabaki kuutazama uso wa mwalimu.

HESABU YENYE KAZI

Jambo la pili ni umbali. Tofali moja la Nether ni sawa na matofali manane ya dunia ya juu. Mtu atakaye kufika kijiji kilicho umbali wa matofali 800 aweza kushuka chini, kwenda matofali 100 tu, kujenga lango la pili na kutokea karibu na kijiji hicho. Kwa mwendo wa kawaida wa mchezo, safari ya juu huchukua dakika tatu na kidogo. Ile ya chini haifiki nusu dakika. Lakini ufupi huo una gharama yake. Akikosea matofali kumi chini, atakuwa amekosea themanini juu. Hapo mtoto hugawanya kwa nane bila kushurutishwa, kisha huhakikisha jibu lake kwa kuzidisha, maana jibu hilo ndilo litakaloamua atokee wapi. Tena, kwa kuwa dira haifanyi kazi, hujifunza kuandika namba za mahali alipo na kuweka alama njiani, kama vile kupanga mienge upande mmoja ili arudipo aione upande wa pili.

Jambo la tatu ni hasara. Mchezaji akifa, vitu vyake huanguka pale alipofia, naye huanza upya mbali na hapo. Akichelewa, vitu hutoweka. Akianguka katika lava, karibu vyote huteketea. Kwa hiyo mwenye busara huacha mali yake ya thamani sandukuni kabla ya kuondoka, akachukua yale tu yatakayomfaa. Anapima: nikikipoteza hiki, nitaweza kustahimili? Hasara hiyo humuuma, lakini haimwaibishi. Hakuna anayemcheka wala kumkaripia, na lango li wazi ajaribu tena. Katika madarasa mengi mambo ni kinyume: kosa la hesabu halimpotezei mtoto chochote cha kazi yake, bali humletea aibu mbele ya wenzake.

NAMNA YA KULIFANYA DARASANI

Twapendekeza zoezi hili kwa Darasa la Nne au la Tano. Mwalimu achague mti ulio hatua 64 kutoka mlango wa darasa, lakini asiwaambie wanafunzi ni mti upi. Awape umbali na upande tu, na ramani yenye miraba ambayo mraba mmoja ni hatua nane. Kila kikundi kitie alama ya mwisho wa safari katika ramani, kisha kiende uwanjani kwa kufuata alama yake. Kikundi kilichoweka mraba wa tisa badala ya wa nane kitajikuta kimepita hatua nane mbele ya mti. Mwalimu asiseme neno. Wakirudi, wachunguze ramani yao, watengeneze, waende tena. Kabla ya kuondoka, kila kikundi kichague vitu vitano kati ya kumi na viwili, kikiwa kimeelezwa kanuni za nchi kiendako, nacho kitoe sababu za uchaguzi wake. Chaki, kamba na karatasi zatosha kwa somo zima.

Yapo mapingamizi ya haki. Mtoto anayekesha mbele ya mchezo hukosa usingizi, na wazazi wengine huchukizwa na sura ya kuzimu. Mwalimu asiyadharau hayo. Zaidi ya hayo, hatari za kweli, kama mto uliofurika au waya wa umeme, hazifundishwi kwa kujaribu. Hizo hufundishwa kwa kuelezwa waziwazi na kwa kukatazwa. Yaliyo ya kujaribiwa ni yale ambayo mwalimu amekwisha kuyapunguzia gharama hata kosa likawa funzo lisilomdhuru mtu.

Lakini hata hayo ya kujaribiwa huharibika, mwalimu akimtangulia mtoto kila hatua na kumwambia kila jibu. Mtoto aliyekwisha kuambiwa yote na kaka yake huingia Nether akitii tu, na siku kaka asipokuwapo hupotea. Basi wanachuo mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, andaeni walau somo moja ambalo kanuni zake zimetangazwa tangu mwanzo, hesabu yake inaamua jambo linaloonekana, na mwenye kukosea anapewa nafasi ya pili siku ile ile.