Tusiutupe mkebe, ndani yake mna fizikia

Katika likizo iliyopita nilimkuta mpwa wangu, mmoja wa wanafunzi wa mkumbo wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, ameinamia kitabu chake cha fizikia huku akinong'ona maneno ya Kiingereza kama mtu avutaye uradi. Nilipomwuliza anasoma nini, alinionyesha mchoro wa kamera ya kitundu: sanduku, tundu dogo upande mmoja, mti nje ya sanduku, na mti mwingine mdogo ndani yake, miguu juu kichwa chini. Ufafanuzi aliujua, kanuni ya kukokotoa ukubwa wa taswira aliijua, na alama zake za mtihani alikwisha kuzihesabu. Nikamwuliza kama amewahi kuishika kamera hiyo kwa mikono yake.

"La, mjomba," akanijibu. "Hiyo ni ya kitabuni tu."

Jawabu hilo lilinikera, wala si kwa ajili ya kijana. Kosa halikuwa lake. Niliingia jikoni nikatoa mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Tulitoboa kitako chake katikati kwa msumari mwembamba. Mdomo wa mkebe tuliuwamba karatasi ya daftari iliyopakwa mafuta ya kupikia, tukaikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kisha kijana akajifunika leso ya mama yangu kichwani ili kupata giza, akakielekeza kitundu kwenye mwembe ulio uani.

"Mjomba, mti umepinduka!" akapiga kelele.

Msomaji ajiulize: kijana huyu alikuwa ameuchora mti uliopinduka mara ngapi, hata alipouona akashangaa? Tulipima. Mwembe ulikuwa na kimo cha mita 6 hivi, nasi tulisimama umbali wa mita 12. Mkebe una kina cha sentimita 15. Kanuni inasema kimo cha taswira ni sentimita 7.5, na rula haikutoa jawabu lililokuwa mbali na hilo. Kwa mara ya kwanza, kanuni ile ilikuwa habari ya kitu.

Nyanya yake akatoka nje kuuliza tunachungulia nini. Hapo ndipo nilipoona tatizo la pili, ambalo kwa mtu wa isimu kama mimi ni zito kuliko la kwanza. Kijana alianza kumweleza kwa Kiingereza, akakwama. Akajaribu Kiswahili, akakwama zaidi. Mtoto aliyeweza kuandika ukurasa mzima mbele ya mtahini hakuweza kumpa nyanya yake sentensi tatu. Mama akauchukua mkebe, akatazama, akacheka: "Kumbe ni lile tundu la msumari!" Katika nyumba yetu ya zamani ya mabati palikuwa na tundu la msumari ukutani, na asubuhi vivuli vya wapita njia vilitembea juu ya ukuta wa pili, vichwa chini. Aliviona miaka mingi. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akiishi ndani ya kamera.

Na huo si mzaha. Neno kamera asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Wataalamu wa Ulaya walikiita kifaa hiki *camera obscura*, yaani chumba cha giza. Kabla yao, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, alikuwa amechunguza jinsi mwanga unavyopenya kwenye tundu na kuingia mahali penye giza. Kabla yake yeye, Wachina wa zama za Mozi, katika karne ya tano kabla ya Kristo, walikwisha kuiona taswira iliyopinduka. Sababu yake ni nyepesi: mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwale utokao kileleni mwa mti ukipita kwenye kitundu hushukia chini, na ule utokao shinani hupanda juu. Ndiyo maana hata madoa ya mwanga yaangukayo sakafuni kutoka kwenye paa bovu huwa ya mviringo ingawa matundu yenyewe hayana umbo maalumu. Kila doa ni taswira ya jua.

Watakuwepo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuyaeleza mambo haya. Nawasihi wautazame mkebe wetu tena. Karatasi ile iliyowambwa mdomoni ni kiwambo, neno litokanalo na kuwamba, kama tuwambavyo ngozi juu ya ngoma. Leo tunalitumia kwa uso wowote unaopokea picha. Taswira ni jamaa ya sura na ya kusawiri. Mwale tunao, kitundu tunacho. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Upungufu basi si wa maneno. Tulichokosa ni nia ya kuyatia maneno hayo kinywani mwa mtoto wakati mikono yake ikiwa kazini, kwani neno huota mizizi pale linapokutana na kitu.

Wengine watauliza: katika zama za simu zenye kamera, mkebe ni wa nini? Nami nawajibu kwamba simu hutoa picha na kuficha siri yake, ilhali mkebe hauna siri. Tangu mwaka 2016 serikali imepeleka vishikwambi katika shule za msingi, na sisemi kwamba ilikosea. Nasema tu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kishikwambi kikiharibika humngoja fundi. Mkebe ukiharibika mtoto huokota mwingine. Nasi ni watu ambao mafundi wetu wa jua kali wametengeneza koroboi kwa mikebe miaka nenda miaka rudi. Iweje mkebe uliotupa mwanga wa kusomea ushindwe kutufunza tabia za mwanga?

Wala mkebe si mchezo wa maskini. Mwaka 2012 Regina Valkenborgh, aliyekuwa mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, alitia karatasi ya picha ndani ya mkebe wa bia wenye kitundu, akaufunga kwenye kuba ya darubini huko Bayfordbury. Ukasahauliwa hadi Septemba 2020. Ulipofunguliwa ulikuwa na picha moja iliyopigwa kwa miaka minane na mwezi mmoja, yenye mikondo 2,953 ya jua likichomoza na kutua. Mkebe tu huo, na subira.

Sidai kwamba Kiingereza kitupwe, kwani mtihani umeandikwa kwa lugha hiyo na ulimwengu unaisoma. Ninachodai ni mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti. Kwanza, mwalimu wa sayansi asichore kamera ubaoni kabla wanafunzi hawajaitengeneza. Mikebe hamsini hupatikana kijijini kwa siku moja. Pili, mwalimu wa Kiswahili apokee kazi hiyo hiyo na kuifanya insha ya maelezo, ili mtoto aandike alichofanya, alichoona na kwa nini. Tatu, wenye kutunga mitihani waulize swali ambalo haliwezi kujibiwa na aliyekariri tu: tundu likipanuliwa, picha itakuwaje? Aliyetengeneza atajibu bila kusita kwamba picha itang'aa zaidi lakini itafifia kingo zake. Mfumo wetu mpya unajiita wa umilisi, na umilisi ni kuweza kutenda. Ukiishia kwenye kuchora mti uliopinduka, tutakuwa tumebadilisha jina la mfumo na kuacha uradi ule ule.

Nafasi ya kujipima haiko mbali. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Somalia na Yemeni ni miongoni mwa nchi zitakazopitiwa na giza kamili, nasi hapa Kenya tutaona sehemu yake likimezwa. Ni hatari kulitazama jua kwa macho, na kulichungulia kupitia kitunduni ni hatari vile vile. Lakini mtoto mwenye mkebe hatalitazama jua, ataacha kitundu kilitazame badala yake, na kwenye kiwambo ataona duara dogo la mwanga lililomegwa kama mkate. Nyanya akimwuliza ni nini hicho, natumaini atakuwa na sentensi tatu za kumpa.