Dogo wa Urambo analala nyumbani, wazee wanalia

Kuna dogo mmoja pale Urambo, jina liachwe, mchana bodaboda, jioni kijiwe cha bao. Tangu masika anawakalisha watu mmoja mmoja. Sasa wazee wa kijiwe wamekaa kikao wakapitisha sheria yao: nyumba ikifika kete 12 huruhusiwi kulala tena, lazima usafiri. Hawakumtaja mtu, lakini hata muuza kahawa anajua nguo hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani.

Eti anacheza bao la woga. Woga upi, wadau?

Tuanze na hesabu. Kete ni 64, kila mtu 32. Unaanza na 10 tu ubaoni: 6 nyumbani, halafu 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zile 22 ziko mkononi, unanamua mojamoja. Wachezaji wengi ni wa aina mbili. Kuna mwenye pupa, anasafiri mapema ili watu washangilie. Halafu kuna mbanaji, yeye raha yake ni kukuona unatakata tu, huna cha kula. Dogo kawachanganya wote wawili, na hapo ndipo penye utamu.

Angalia mkono wake vizuri. Shimo la mpinzani linalotazamana na nyumba yake halipi nafasi ya kupumua. Likiwa na kete anazila, linabaki tupu. Kwa nini? Kwa sababu huwezi kunamua kwenye shimo tupu, na kete yako ya mwisho ikidondokea kwenye tupu zamu imekwisha. Kwa hiyo nyumba yake haifikiki. Na yeye anapokula, kete ya mwisho ikimfikisha nyumbani na mbele pako tupu, ana hiari ya kulala au kusafiri. Analala. Kesho yake analala tena. Nyumba inanenepa huku wewe umebanwa. Siku akiamua kusafiri, kete 14 au 15 zinazunguka ubao na mchezo umeisha.

Sheria ya wazee inaua hiyo hiari. Na bila hiari nyumba inabaki kuwa shimo kubwa tu, haina heshima yoyote.

Wanaosema hana anachohatarisha wanasahau kwamba nyumba ya kete 15 ni karibu nusu ya mali yake yote. Ikiliwa, aende akawashe pikipiki. Na inalika! Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, ambaye ndiye aliyemfundisha dogo kushika kete, aliila mbele ya watu. Alifanya nini? Shimo lile ni la nne kutoka kushoto kwako. Ukila kete 4 au zaidi na ukawa na ruhusa ya kuchagua kichwa, anzia kichwa cha kushoto, utaliwekea kete. Dogo asipoiondoa mara moja, zamu inayofuata unanamua hapohapo na nyumba ni yako. Dawa ipo, ila inataka mtu anayefikiri kabla ya kupayuka.

Tena watu wa Urambo ndio wa kuita hii woga? Mirambo mwaka 1871 aliwafungia Waarabu wa Tabora njia ya misafara ya kwenda Ujiji, huku akikusanya bunduki na ruga-ruga wake. Alibana na kulimbikiza kwa wakati mmoja. Ukitaka kuona kulimbikiza bila kubana, kumbuka Waingereza na karanga zao, kuanzia 1947. Matrekta yakamwagwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ardhi na mvua havikuwasikiliza, 1951 mradi ukafungwa. Ile ilikuwa nyumba nene mbele ya shimo lenye kete.

Dogo hajaonekana kijiweni wiki ya tatu sasa. Anaegesha stesheni, anasubiri abiria. Mzee aliyemfundisha hakuunga mkono sheria, ila alinyamaza kikaoni, na ukimya ule umemuuma dogo kuliko sheria yenyewe. Mzee ndiye wa kumfuata. Amwite Jumamosi, wacheze mechi 5 kwa sheria ya zamani, na hao waliopitisha sheria wakae pembeni watazame shimo la nne.