Mtaji Unaotangulia Fedha

Kila msimu wa mavuno, vijana wengi wa Songea hutamani kuingia katika biashara ya mahindi, na kila msimu husikika kauli ile ile: hatuna mtaji. Kauli hiyo hatuipuuzi. Hata hivyo, tunaona kuwa upo mtaji unaotangulia fedha, nao ni fikra anazoingia nazo mtu sokoni.

Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, katika hijra ya mwaka 622, mwenyeji wake Saad bin Rabii (r.a.) alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko tu. Akaanza kwa samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji ule. Hakuona haya kuanza na kidogo.

Kwetu Ruvuma, mkoa unaosifika kwa mahindi, anayekwenda Namtumbo au Madaba kununua hukutana na mtihani wa lumbesa: gunia hushindiliwa mpaka lizidi kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria, ilhali mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Gunia likifika kilo 120, katika magunia matano mkulima huyo ametoa gunia zima bure. Pengine hilo ndilo lingalinunua sare na madaftari ya watoto wake.

Surat Al-Mutaffifin inawakemea wanaotaka kutimiziwa wanapopokea, nao wakawapunja wenzao wanapowapimia. Mwenye lumbesa amewapita hao, kwani yeye hutaka zaidi ya kutimiziwa.

Mwenye fikra fupi huhesabu kilo 20 hizo kuwa faida. Mkulima naye hasahau. Msimu ujao humtafuta mnunuzi mwingine. Lakini aliyempimia kwa haki, siku fedha zikimpungukia, huenda akakabidhiwa mahindi kwa ahadi tu, alipe akishauza. Huo ndio mtaji ambao haukopwi popote, na faida yake ni halali.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, kijana akija kuomba mtaji, kabla hamjauza shamba wala ng'ombe kwa ajili yake, muulizeni kwanza: utanunua kwa kukadiria gunia, au kwa mizani? Jibu lake litawaonyesha biashara hiyo inaelekea wapi.

Wabillahi tawfiq.